Kabichi ikianza kuteleza mkononi: kuzuia uozo laini kuanzia shambani hadi ndani ya Fuso

Kabichi yenye uozo laini inajulikana kwa kidole kabla ya macho. Bonyeza pale shina lilipokatwa: kama kidole kinazama na kutoka na ute, kichwa hicho kimeshakwenda, hata kama majani yake ya nje bado ni ya kijani na mkononi bado ni kizito. Asiyejua atakilipia. Kikifika Dar es Salaam kimekuwa rojorojo, na maji yake yamewalowanisha wenzake wote waliopangwa chini.

Mimi hununua kabichi, karoti na viazi mviringo kwa wakulima wa Lukozi na Malindi, huku juu Lushoto, nikashusha mzigo Dar. Nina kipande changu bondeni pia, kwa hiyo naandika kama mkulima na kama mtu ambaye mzigo ukioza njiani hela iliyopotea ni yake.

Nitangulize jambo moja ili usije ukapoteza fedha: ugonjwa huu ukishaingia ndani ya mboga hautibiki. Kila masika mvua ikizidi, utawakuta wakulima dukani wamebeba jani lililooza ndani ya mfuko wa nailoni, na kijana wa pembejeo anawapa dawa ya ukungu. "Mama, hii inamaliza kuoza kote." Haimalizi. Dawa ya ukungu inaua ukungu, na huu ni ugonjwa wa bakteria. Dawa zenye kopa zinaweza kuwapunguza bakteria walio juu ya jani, lakini aliye ndani ya shina hafikiwi. Ukiuziwa kitu kwa jina la dawa ya uozo laini, soma kibandiko uone kama kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na kimesajiliwa kwa ajili ya nini hasa. Kazi yenyewe inafanywa na kisu, kivuli na upepo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni siku ya kuvuna.

Kuujua usichanganye

Si kila kinachooza shambani ni uozo laini. Ukiona nyuzi nyeupe za ukungu na ndani yake punje nyeusi ngumu zilizo kubwa kuliko mbegu ya mchicha, huo ni ukungu. Ukiona jani la kabichi lina doa la manjano lenye umbo la V linaloanzia ukingoni na kwenda katikati, na mishipa yake imekuwa myeusi, huo ni uozo mweusi. Nao ni wa bakteria, lakini bakteria wengine, Xanthomonas. Nyanya inayonyauka ghafla mchana ingali kijani ina mnyauko bakteria, na habari yake ni tofauti kabisa.

Uozo laini huanza na doa dogo linaloonekana limelowa maji. Doa linapanuka kwa saa, halisubiri wiki. Ngozi ya kiazi au karoti inaweza kubaki nzima huku ndani kumekuwa ute wa rangi ya krimu au kahawia. Kwenye kabichi, mara nyingi unaanzia kwenye shina au pale majani yanapokutana na shina, na ukikishika kichwa kinang'oka chenyewe. Kuhusu harufu kuna kitu wengi hawakijui: mwanzoni hakuna harufu mbaya. Uvundo ule unaotufanya tuzibe pua unaletwa na bakteria wengine wanaofuata kula mabaki. Kwa hiyo ukisubiri pua ikuambie, umechelewa.

Kama bado una shaka, fanya jaribio hili, halina gharama. Chukua kiazi mviringo kizima chenye afya, kioshe, kimenye kwa kisu kilichochemshwa, ukate vipande viwili vya unene wa sentimita moja. Viweke kwenye sahani mbili zenye kitambaa safi kilicholowa. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, kichovye kwenye ute wa mboga iliyooza, ukichome katikati ya kipande cha kwanza. Kipande cha pili kichome kwa kijiti safi. Funika sahani zote kwa mfuko wa nailoni, ziweke jikoni mahali penye joto. Kesho au keshokutwa angalia. Kama kipande cha kwanza kimelegea na kuchimbika pale ulipochoma, na cha pili bado ni kigumu, umempata mhusika. Maabara nao wanafanya jaribio hilihili, ila vyombo vyao vinang'aa zaidi. Vipande hivyo fukia, usimpe kuku.

Bakteria wanavyoilainisha mboga

Wakosaji wakuu ni jamii mbili: Pectobacterium na Dickeya. Vitabu vya zamani vitakuambia Erwinia carotovora, ni huyohuyo Pectobacterium carotovorum wa leo. Mtaalamu wa Marekani, L. R. Jones, alimwelezea mwaka 1901 kutokana na karoti zilizooza huko Vermont. Lakini hali karoti peke yake. Anakula kabichi, viazi, vitunguu, saladi, hoho, nyanya, figili. Ndiyo maana kubadilisha kabichi kwa karoti halafu viazi, kama tunavyofanya wengi huku, si kubadilisha zao kwa macho ya bakteria huyu. Kwake ni meza ileile.

Seli za mmea zimeshikanishwa na kitu kinachoitwa pektini, kama udongo unavyoshikilia matofali ya ukuta. Bakteria hawa wanamwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini. Seli zinaachana, maji yaliyomo yanavuja, na sukari iliyokuwa ndani inakuwa chakula chao. Ule ute unaoteleza mkononi ndio hizo seli zilizoachana. Kwa kuwa vimeng'enya vinatangulia mbele ya bakteria wenyewe, ukikata sehemu iliyooza na kubakiza "nzuri" iliyoigusa, kesho nayo imelegea.

Kingine ni kwamba wana subira. Wanaweza kukaa juu ya kiazi, kwenye vile vitundu vidogo vya kupumulia, au kwenye kabichi, bila kuonyesha dalili yoyote. Wakiwa wachache hawafanyi fujo. Wanatoa kemikali za kupashana habari, na wakishagundua kwamba wamekuwa wengi ndipo wanamwaga vimeng'enya kwa pamoja, kabla mmea haujapata nafasi ya kujitetea. Hiyo ndiyo sababu mzigo unapakiwa ukiwa safi kabisa Lukozi jioni na unafunguliwa Dar ukiwa na vidonda. Hakuna aliyekuroga wala dereva hakuchelewa makusudi. Waliingia kwenye gari pamoja na mzigo.

Ili waamke wanahitaji vitu vitatu: mlango, maji na joto. Mlango ni jeraha lolote. Maji yanafanya kazi mbili: yanawasafirisha, na yakitanda juu ya mboga yanazuia hewa. Kiazi kilichofunikwa na tabaka jembamba la maji kinakosa oksijeni ndani ya saa chache, na bila oksijeni kinashindwa kuziba vidonda vyake. Bakteria hawa wao wanaishi vizuri hata pasipo oksijeni. Joto wanalolipenda ni kati ya nyuzi 25 na 30. Chini ya nyuzi 5 karibu wanasimama kabisa. Sasa fikiria safari yetu: mboga inatoka Lushoto kwenye ubaridi, inateremka Soni, inafika Mombo kwenye joto, inapita Korogwe na Chalinze chini ya turubai. Tunawapeleka penye hali ya hewa wanayoipenda.

Shambani: funga milango mapema

Viwavi wa kabichi, wale wadogo wa kijani wanaoning'inia kwa uzi ukiwagusa, ndio fundi mkuu wa kutoboa milango. Shamba lenye viwavi wengi wakati wa kufunga vichwa litakuwa na uozo wakati wa kuvuna. Kagua upande wa chini wa majani mara mbili kwa wiki. Dawa za Bt zinawafaa wakiwa wadogo (nazo zinatokana na bakteria, Bacillus thuringiensis, si kila bakteria ni adui). Uozo mweusi nao unafungua mlango, kwa hiyo nunua mbegu iliyothibitishwa, na mche wenye doa la V usiupandikize hata kama umebaki peke yake kitaluni.

Jembe ni mlango mwingine. Kabichi ikishatanda, acha kupalilia kwa jembe karibu na shina. Ng'oa magugu kwa mkono. Na usiingie shambani asubuhi majani yana umande, wala mara baada ya mvua. Nguo zako na mikono yako inapitisha bakteria kutoka mche hadi mche.

Kuhusu mbolea nitasema kwa kifupi ingawa watu hawapendi kusikia: urea nyingi inakupa kichwa kikubwa chenye majani laini na maji mengi, na hicho ndicho kinachooza kwanza. Kalsiamu inaimarisha pektini, hivyo kwa mbolea ya kukuzia mimi napendelea CAN, yenye nitrojeni pamoja na kalsiamu, na simwagi zaidi baada ya vichwa kuanza kukaza. Samadi iwe imeoza vizuri.

Nafasi ya sentimita 60 kwa 45 inatosha kupitisha upepo. Bondeni inua matuta, chimba mfereji. Anayemwagilia kwa mpira wa kurusha maji juu amwagilie asubuhi ili majani yakauke kabla ya jioni. Shamba lililooza lipumzishe kwa mahindi misimu miwili au mitatu. Bakteria hawa hawadumu sana kwenye udongo mtupu, wanadumu kwenye mabaki ya mboga na kwenye viazi vilivyosahaulika ardhini vikaota vyenyewe. Hivyo ving'oe.

Siku ya kuvuna

Hapa ndipo ninapogombana na watu, na sitaacha.

Usivune kabichi iliyolowa. Kama mvua imenyesha usiku, subiri. Mnunuzi akikulazimisha kwa sababu gari limeshafika, mwambie gari lisubiri hadi saa tatu au saa nne umande ukauke, au hasara anayoitarajia aikate kwenye bei sasa hivi, si akifika Dar ndipo akupigie simu. Mimi mwenyewe ni mnunuzi na nasema hivi.

Kata kwa kisu chenye makali, mkato mmoja, ulionyooka. Panga butu linasaga shina, na shina lililosagwa lina jeraha kubwa zaidi. Acha majani mawili au matatu ya nje yafunike kichwa. Yanakwaruzwa yenyewe badala ya kichwa, na sokoni yanatolewa. Kuwa na ndoo ndogo yenye klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, na visu viwili: kimoja kinafanya kazi, kingine kimelowekwa. Ukigusa kichwa kilichooza, badilisha kisu. Bora zaidi, kilichooza usikiguse kabisa hadi vizima viishe, kisha kirudie.

Usirushe. Najua raha ya kurushiana kabichi kutoka tuta hadi barabarani, vijana wanapenda na kazi inakwenda haraka. Kila inapodakwa vibaya inapata mchubuko usioonekana, na mchubuko ni mlango. Lipa mpagazi mmoja zaidi.

Ukishakata, weka vichwa kivulini juu ya chanja au turubai kavu, mkato wa shina ukitazama hewani, hadi pakauke. Kuna ujanja unaotumika Ufilipino na sehemu nyingine za Asia ya Kusini-Mashariki ambao unatekelezeka huku bila shida: shabu. Ileile shabu inayouzwa madukani kwa mafungu. Isage, changanya gramu 150 kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, koroga hadi iyeyuke, kisha paka kwa brashi au kitambaa kwenye mkato wa shina tu. Acha ikauke nusu saa hivi kabla ya kupakia. Inakausha mkato na kuwanyima bakteria maji pale wanapoanzia. Sehemu hiyo mpishi huikata na kuitupa, kwa hiyo hakuna anayekula shabu. Asiye na shabu anaweza kupaka chokaa iliyokorogwa nzito.

Karoti na yale maji

Soko la Dar linataka karoti iliyooshwa, inayong'aa. Sawa. Tatizo ni dimbwi moja linalooshea magunia ya watu kumi tangu alfajiri. Karoti moja iliyooza ikiingia humo, maji yanawagawia wote bakteria, na kila karoti ina mikwaruzo ya kuwapokea.

Osha udongo kwa maji yanayotiririka, usisugue kwa miguu ndani ya gunia. Kisha suuza mara ya mwisho kwenye maji safi yenye klorini: kwa klorini ya kufulia isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5, weka mililita 60, yaani vijiko vinne vya chakula, kwenye ndoo ya lita 20. Hiyo inakupa kama sehemu 100 kwa milioni. Dakika moja au mbili zinatosha. Maji yakichafuka yamwage, kwa sababu udongo unaimaliza nguvu klorini haraka, na utabaki unaosha kwa maji ya kawaida ukidhani una dawa. Klorini haitaponya karoti iliyokwisha kuingiliwa. Kazi yake ni kuzuia maji yasiwe njia ya kueneza. Vaa glavu, na usichanganye klorini na sabuni au dawa nyingine yoyote.

Halafu kausha. Hii ndiyo hatua inayorukwa kwa sababu jua limezama na Fuso linapiga honi. Tandaza kwenye chanja chenye wavu, kivulini, geuza, na usifunge gunia hadi ushike karoti na kiganja kibaki kikavu. Kama muda huo huna, ni heri uipeleke haijaoshwa, ikiwa na udongo wake mkavu, ioshwe kulekule.

Na lumbesa iachwe. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita kwa sababu ya mizani, mimi naipinga pia kwa sababu ya kuoza. Gunia lililoongezewa kilemba juu linapandwa kwa miguu ili lishindiliwe, na karoti zinavunjika ndani. Utapewa bei ya gunia moja, utapoteza robo yake.

Garini, na neno kuhusu viazi na vitunguu

Sakafu ya gari ifagiliwe, ioshwe na ikauke kabla ya kupakia. Maji ya mzigo wa jana ndiyo mbegu ya uozo wa leo. Tandika mbao au chaga ili hewa ipite chini. Pakia jioni, safiri usiku. Turubai lisilale juu ya mboga; liinue kwa fito na acha upande wa mbele na wa nyuma wazi kidogo, kwani mboga inapumua na kutoa joto, na jasho lake likigonga turubai linarudi kama mvua. Mkifika Mombo, teremka uingize mkono katikati ya mzigo. Ukisikia vuguvugu, fungua zaidi.

Viazi vinataka majani yakatwe wiki mbili kabla ya kuchimba, ngozi ikomae. Ukipitisha kidole gumba na ngozi ikabanduka, bado. Shamba lililopigwa na bakajani chelewa chimba mwishoni na uchague kwa ukali, maana ukungu ule unatoboa na bakteria wanafuata. Baada ya kuchimba visioshwe. Vikae wiki moja au mbili penye giza, hewa na ubaridi ili mikwaruzo izibe. Mbegu ya viazi usiikate vipande kama ardhi imelowa.

Vitunguu vivunwe zaidi ya nusu ya majani yakiwa yamelala, vianikwe hadi shingo ikauke kabisa na kusinyaa. Shingo mbichi iliyokatwa ndiyo mlango wake.

Kilichooza kipelekwe wapi

Chagua na utenge kabla ya kuuza, na anayeshika vilivyooza asishike vizima hadi anawe kwa sabuni. Usivitupe mtoni wala kwenye mfereji: jirani aliye chini yako anamwagilia kwa maji hayohayo, na msimu ujao wewe utakuwa chini ya mwingine. Usivilundike pembeni mwa shamba pia, nzi wanatua hapo na kuhamia kwenye vichwa vyako vilivyobaki. Chimba shimo la kina cha nusu mita au zaidi, mbali na chanzo cha maji, funika kwa udongo siku hiyohiyo. Magunia yaliyobeba mzigo uliooza yafuliwe, yalowekwe kwenye klorini na kuanikwa juani pande zote mbili. Anayekukopesha magunia muulize yalibeba nini mara ya mwisho.